Papa utepe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu papa mdogo wa kina kirefu (tunajibu kutokea Kigoma)

Tangu nianze kuwaonyesha watu picha ya huyu papa, mwaloni Kibirizi, kwenye kahawa Ujiji, kwa vijana wa sekondari hapa mjini, maswali yanayokuja ni yaleyale. Nimeona niyaandike yote sehemu moja ili mtu akiuliza nimtumie tu hii. Jibu likiwa lishatolewa juu nitakurudisha kwenye namba yake, sitarudia.

## Ya kuanzia

1. Papa utepe ni nani hasa?

Ni papa kamili, ana meno, ana mapezi, ana gegedu badala ya mifupa kama papa wengine wote, ila aliye mkubwa kabisa anaishia kwenye sentimita 24 hivi. Chukua ile rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 umlaze juu yake, rula inabaki.

Jina lake la kisayansi ni Eridacnis radcliffei. Mmarekani Hugh M. Smith ndiye aliyemtambulisha rasmi mwaka 1913 kwa sampuli za Ufilipino, na hilo radcliffei ni heshima kwa Lewis Radcliffe, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa kwenye meli ya utafiti ya Albatross iliyozunguka visiwa vya kule kati ya 1907 na 1910. Makazi yake ni chini kwenye tope, ameshapatikana kuanzia mita 71 mpaka mita 766.

2. Sentimita 24 tu? Huyo si mtoto wa papa?

Hili ndilo linaongoza. Kuna mama mmoja anauza migebuka, samaki wa ziwa letu la Tanganyika, pale Kibirizi, nilimpelekea mchoro niliouchora kwa ukubwa wake halisi, akauweka pembeni ya mgebuka mmoja wa kawaida tu, akapima kwa kiganja, akaniambia "mwanangu, huyu bado ananyonya, subirini akue". Na mgebuka ulikuwa unampita kweli.

Lakini huyu hana kukua kwingine, hapo ndo kashamaliza. Dume la sentimita 18 au 19 limeshakomaa, jike hata la 15 au 16 ni mtu mzima. Utajuaje? Kwa dume ni rahisi, papa dume yeyote ana vijiti viwili chini ya tumbo nyuma ya mapezi, ndivyo anavyopandia jike. Kwa mtoto vinakuwa vifupi na laini, akikomaa vinarefuka na kukakamaa, ukibonyeza havilali. Kwa jike unakuta mimba. Papa mwenye mimba huwezi kumuita mtoto hata awe na urefu wa peni.

3. Mbona jina "papa utepe" hatujawahi kulisikia?

Kwa sababu ni jina tunalotumia hapa, hakuna la zamani nililolikuta. Nimeangalia mkia wake, mrefu, mwembamba, umelala kama utepe, nikaona hilo ndilo linamfaa. Wavuvi wa pwani wana majina ya Kiswahili mazuri sana kwa papa wanaowaona, papa potwe yule mkubwa wa Mafia kila mtu anamjua, lakini huyu anaishi chini kuliko nyavu zao kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kumpa jina. Mimi linaniuma kidogo kwamba samaki wa nchi yetu ana jina la Kilatini na la Kiingereza na sisi wenyewe hatuna la kumuitia. Mwenye jina bora alilete, nitabadilisha ukurasa mzima.

4. Kweli yupo Tanzania au ni wa huko Ufilipino?

Yupo. Orodha za wataalamu zinamuweka Tanzania, Ghuba ya Aden, India, visiwa vya Andaman, Vietnam na Ufilipino. Watu hawaamini kwa sababu tukisema bahari ya Tanzania tunafikiria ufukwe na matumbawe, lakini ukitoka pwani yetu sehemu nyingi haichukui muda kina kinaporomoka. Kati ya Unguja na bara maji ni ya mita makumi tu, lakini mkondo wa Pemba unafika kama mita 800, yaani Pemba imezungukwa na shimo. Huko chini ni nchi nyingine kabisa, na bado ni Tanzania.

5. Ndiye papa mdogo kuliko wote duniani?

Yumo kwenye wadogo kabisa, lakini namba moja huwa anapewa papa taa kibete, Etmopterus perryi, wa bahari ya Karibi upande wa Colombia na Venezuela, mita 283 mpaka 439. Huyo alielezwa 1985 na mrefu aliyepimwa alikuwa na sentimita 21.2. Kuna na vipapa vingine vya jamii ya Squaliolus vinavyochuana naye. Ubishi unatokana na kipimo: unapima mrefu kuliko wote aliyewahi kupatikana, au urefu anaokomaa? Dume au jike? Ukibadilisha kipimo mshindi naye anabadilika, kwa hiyo mtu akikuambia "mdogo kuliko wote" muulize kwanza kapimaje.

## Mwili wake na maisha ya chini

6. Ukimshika mkononi anakuwaje?

Nimewahi kumshika mmoja, wa kwenye chupa ya spiriti, sio aliye hai. Ni mwembamba, kahawia iliyoiva, mapezi mawili ya mgongoni yana weusi na hayana mwiba, mkia una vivuli vya mistari myeusi. Macho marefu kama ya paka, makubwa kwa kichwa kile. Kidole nikikipitisha kutoka kichwani kwenda mkiani anateleza, nikirudisha kutoka mkiani kwenda kichwani anakwaruza kama msasa laini, ile ngozi ya papa ya vimeno vidogo vidogo unayoikuta hata kwa papa wa mita tatu, na hapa iko vilevile kwenye mwili wa kukaa kiganjani. Mimi pale ndipo nilipoelewa kabisa kwamba huyu ni papa, picha zote zile hazikuwa zimenishawishi kama kile kidole.

7. Anakula nini, na anakionaje kwenye giza lote lile?

Samaki wadogo zaidi, halafu kamba na jamii ya kaa, na ngisi kidogo.

Kuona, zaidi ya mita 200 mwanga wa jua unabaki hafifu sana na kufika mita 1,000 umeisha. Macho yake yana tabaka la nyuma linalorudisha mwanga kama la paka ukimmulika na tochi usiku, kwa hiyo kidogo kinachofika anakitumia mara mbili. Na papa wote wana kitu sisi hatuna, vitundu vidogo puani vilivyojaa ute kama jeli vinavyohisi umeme. Kila kiumbe hai kinatoa umeme kidogo, moyo ukipiga, shavu likitanuka, kwa hiyo kamba aliyejificha kwenye tope giza totoro bado anajulikana yuko wapi.

8. Anawaka kama wale papa wa kwenye video?

Hapana. Wanaowaka ni papa taa, jamii nyingine, kama yule wa swali la 5. Hao wana vitaa vingi sana vidogo tumboni. Watu wa Kigoma wanadhani taa ile ni ya kuvutia chakula, kama karabai au taa za sola tunazovulia dagaa usiku wa giza. Ni kinyume chake, kazi kubwa ya taa ile ni kujificha. Adui akiwa chini akiangalia juu anaona kivuli cha samaki kwenye ule mwanga hafifu wa juu, sasa papa taa anawasha tumbo kwa mwanga unaolingana na wa juu, kivuli kinapotea. Na anawasha kwa homoni: kwa jamaa yao Etmopterus spinax watafiti walionyesha mwaka 2009 kwamba melatonini, homoni ileile inayotusaidia sisi kulala, inawasha taa.

Ukitaka kuwatofautisha haraka, papa taa ana mwiba mbele ya kila pezi la mgongoni na hana lile pezi dogo la chini karibu na mkia. Papa utepe hana miiba na hilo pezi la chini analo.

9. Anataga mayai au anazaa?

Anazaa. Mayai yanaanguliwa humohumo tumboni, mtoto anaishi kwa kiini cha yai lake mpaka azaliwe, hakuna kondo la nyuma kama kwa binadamu.

Sasa sikiliza hii. Anazaa mtoto mmoja au wawili tu, na mtoto anatoka na kama sentimita 11. Mama mwenyewe hazidi 24. Yaani mtoto ni karibu nusu ya urefu wa mama, na saa nyingine wako wawili. Linganisha na dagaa wetu, mmoja anamwaga mayai maelfu na wengi wanaliwa kabla hata hawajaogelea vizuri. Papa utepe amechagua njia nyingine, wachache lakini wanaotoka wamekomaa, anatoka tumboni anajua kuwinda. Ndiyo maana swali la 15 ni zito kuliko linavyoonekana.

10. Presha ya mita 700 haimpasui?

Kila mita 10 za maji zinaongeza presha sawa na ya hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo mita 700 ni kama mara 70. Kinachopasuka au kubonyea kwa presha ni nafasi yenye hewa. Mgebuka ana kibofu cha hewa, ukimvuta haraka kutoka chini unaona tumbo limevimba. Papa hana kibofu hicho kabisa, anajisaidia kuelea kwa mafuta ya ini, na mafuta hayabonyei kama hewa.

## Na ziwa letu je?

11. Tanganyika ina kina kuliko huko anakoishi, kwa nini asiwepo humu?

Swali zuri sana na linaulizwa na wavuvi wenyewe. Ziwa letu linafika mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Kwa kina tu, papa utepe angetosha karibu mara mbili.

Tatizo ni hewa. Upande wetu huu wa kaskazini oksijeni inaishia kama mita 100 hivi, kusini inashuka mpaka karibu 200 na zaidi kidogo. Chini ya hapo hakuna samaki, kuna maji yasiyochanganyika na ya juu na yenye gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza. Kwa nini hayachanganyiki? Kwa sababu ziwa ni la joto, juu nyuzi 25 mpaka 27, chini kabisa bado 23 hivi, tofauti ni ndogo lakini inatosha kuyafanya maji ya juu yakae juu kama mawese juu ya mchuzi, na hatuna baridi ya kuyapoza ya juu mpaka yazame. Baharini ni tofauti, maji baridi yaliyobeba oksijeni yanazama huko kwenye ncha za dunia halafu yanasambaa chini kwa chini mpaka huku kwetu, kwa hiyo mita 700 upande wa Pemba kuna baridi na giza lakini pumzi ipo.

Na hata tungempa hewa, haya maji ni ya kunywa tu, hayana chumvi. Angalia swali linalofuata.

12. Lakini kuna papa wanaoingia mitoni, kwa nini wasifike Kigoma?

Wapo, papa fahali ndiye maarufu, anapanda mto Zambezi, anaingia ziwa Nicaragua, na kwenye Amazon ameshaonekana mpaka Iquitos kule Peru, maelfu ya kilomita kutoka baharini. Mwili wa papa umejaa urea, ndiyo inayomlinda asikaushwe na maji ya chumvi. Ukimtia kwenye maji yasiyo na chumvi anafyonza maji kama haragwe lililolowekwa. Papa fahali anaweza kupunguza urea na kukojoa sana, wengine karibu wote hawawezi, na papa utepe ni mmoja wao.

Kuhusu kufika Kigoma, ziwa linatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie upande wa Kongo, unaingia Lualaba ambao ndio mto Kongo. Njiani kuna maporomoko ya Boyoma karibu na Kisangani, na chini ya Kinshasa kuna maporomoko mengine makubwa mpaka Matadi. Sisi tuko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hata papa fahali hapandi ngazi hizo.

13. Mbona konyeza wapo ziwani, na wao si viumbe wa bahari?

Wapo kweli, vile viduara vya uwazi kama jeli, na ziwa lina konokono wenye magamba yanayofanana kabisa na ya baharini. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza J. E. S. Moore alikuja kuwachunguza akaamini kwamba ziwa liliwahi kuungana na bahari. Wazo lenyewe halikusimama, ziwa limetokana na kupasuka kwa bonde la ufa na konokono wale wamejibadilisha humuhumu ziwani kwa mamilioni ya miaka. Lakini mtu akikuuliza mwaloni kama kuna papa usimcheke, hata wasomi walishawaza hivyo.

## Kumla, kumvua, kumfuga

14. Analiwa? Na mafuta ya ini yake je?

Nyama ni kidogo mno na harufu ya papa unaijua, ile urea ya swali la 12 akifa inageuka amonia, ndiyo maana watu wa pwani wanamtia papa chumvi na kumkausha.

Mafuta ni habari nyingine. Pwani mafuta ya papa yanaitwa sifa, mafundi walikuwa wanapaka majahazi ili mbao zisioze na minyoo isitoboe. Hapa Ujiji nimewaona mafundi wanaziba mianya ya mtumbwi kwa pamba na mawese, kazi ni ileile, kila mtu na mafuta ya kwao. Siku hizi papa wakubwa wa kina kirefu wanawindwa duniani kwa skwaleni, aina ya mafuta iliyomo inini, inaingia kwenye vipodozi na hata kwenye baadhi ya chanjo. Papa utepe kwa udogo wake hafai kwa biashara hiyo na imemuokoa.

15. Kwa hiyo yuko salama?

Orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, imemuweka kwenye kundi la wasiotia wasiwasi mkubwa, ameenea sehemu nyingi. Mimi sitaki tuishie hapo. Kusini mwa India meli zinazokokota nyavu kutafuta kamba wa kina kirefu zinambeba naye bila kumkusudia, akifika juu ameshakufa. Kwa samaki anayezaa mmoja au wawili (swali la 9) huwezi kufanya kama tunavyofanya kwa dagaa, kufunga ziwa miezi kadhaa halafu wanarudi. Tukija kuanza uvuvi wa kukokota chini kabisa kwenye bahari yetu, huyu awepo kwenye hesabu kabla nyavu hazijashushwa.

16. Anauma?

Mtu na yeye hawakutani. Mdomo wenyewe kidole hakiingii vizuri.

17. Kigoma tunauza samaki wa mapambo nje, naweza kumfuga kwenye akwariamu?

Nimeulizwa na vijana wawili wanaozamia samaki wa urembo, wanajua kazi yao, kwa hiyo nawajibu kikazi. Samaki wa miambani mnamtoa mita chache, anakaa kwenye maji ya nyuzi 25, anazoea. Huyu anatoka kwenye giza, chumvi na baridi ya nyuzi kama 10 hivi, ukimpandisha anapita kwenye maji ya moto kwake na mwanga unaoyachoma yale macho. Hafiki hai. Achaneni naye.

## Maswali ya waliokwisha soma mengine

18. Nimeona picha ya papa kama huyu lakini mkubwa zaidi, ni yeye?

Yawezekana ni ndugu yake, Eridacnis sinuans, wa Afrika Kusini na Msumbiji, huyo anafika kama sentimita 37. Aliyemtambulisha mwaka 1957 ni J. L. B. Smith, ndiye huyohuyo aliyeutangazia ulimwengu silikanti mwaka 1939, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dainosaria.

19. Silikanti amepatikana Tanga, kwa nini papa utepe hawamleti?

Silikanti walianza kuingia kwenye jarife za wavuvi wetu kuanzia 2003, na Tanga ikapata hifadhi yake 2009. Jarife ni nyavu ya papa wakubwa, matundu mapana, silikanti wa mita moja na nusu ananasa. Papa utepe anapita kwenye tundu moja bila hata kugusa uzi. Kuwepo yupo, nyavu ndiyo haimjui.

20. Nina ndugu anavua Pemba (au Mtwara, au Kilwa), akimpata afanye nini?

Mwambie asimtupe. Ampige picha ya ubavu mzima akiwa kando ya rula au hata kiberiti, kisha picha ya tumboni, kisha ya mkia. Aandike tarehe, mahali, na kamba ya kuvulia iliingia majini pima ngapi, hiyo ya pima ndiyo watu wanasahau na ndiyo ya maana kuliko zote. Amuweke kwenye barafu, barafu ikikosekana amtie chumvi nzima nzima bila kumpasua, halafu ampeleke ofisi ya TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) iliyo karibu, au kama yuko Unguja, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na akiwa jike mwenye tumbo nene asiminye, ndani kunaweza kuwa na wawili.